Miaka Kumi na Moja ya Kusugua Benchi

Nassor,

Salamu sikupi, maana hutazijibu, na hata ulipokuwa hai ulikuwa mvivu wa kujibu. Nakuandikia dukani kwangu hapa Guangzhou, barabara ya Huanshi Zhonglu, mchana, mteja hakuna. Kesho ni arobaini yako. Mama anasomesha khitma kule Leicester, mimi nitakuwa nao kwenye simu. Jana kaniuliza tena: "Zuhura, kwani wale Wazungu walimfukuzia nini hasa?" Nimemwambia nitamjibu kesho.

Kwanza niseme yangu, maana kifo chako hakijanifanya niwe mnafiki. Kazi yako niliidharau. Mwanamume mzima, umekulia Uingereza, umesomeshwa kwa jasho la mama anayepiga deki wodi za hospitali, halafu unachagua kuimba huku unarukaruka! Ukajipa na jina la Kizungu la jukwaani, ambalo siliandiki hapa kwa sababu si la baba yetu. Ukisimulia London, mtu angedhani mji mzima haulali mpaka umeimba wewe. Kumbe miaka kumi na moja ulikuwa mwigizaji wa akiba. Nyimbo zote za bwana mkubwa, yule mwigizaji mkuu wenu, unazijua, hatua zake zote unazijua, na kila siku umekaa nyuma ya pazia na poda usoni, unamwombea mafua. Na bwana mkubwa alikuwa na afya ya punda. Nilikuambia usoni kwamba kwetu hiyo inaitwa kusugua benchi. Ukacheka. Hata huko kucheka kwako kulinichefua.

Kikundi chenu kilipokuja Guangzhou miaka mitatu iliyopita, nilikuja kukutazama. Nilivaa dera jipya, nikakaa mbele, nikakutafuta jukwaani hadi macho yakaniuma. Ulikuwa wa tatu kutoka kushoto, umeshika ufagio, umeziba pengo la mtu. Niliondoka kabla watu hawajapiga makofi.

Wiki ileile wakakufukuza. Ukaja kwangu na begi moja, ukasema, "Nimechoka, Da Zuhura. Nataka kukaa karibu na wewe." Nilipokubana ukakiri: siku ya kazi ulipitiwa na usingizi. Nikampigia mama bila hata kungoja jioni: mwanao kafukuzwa kwa kulala. Mama, ambaye alikuwa amekutambia mtaa mzima, akaacha kupokea simu zako. Mwaka mzima, Nassor, na wewe kila Ijumaa unapiga.

Ukaishia kufungua maduka ya watu. Walikuvisha taji la plastiki, ukaimba mbele ya majokofu mapya. Siku moja napita Zhanqian Road na wateja wangu wa Kongo, nikakuona na kofia ya askari wa kifalme, unaimba kwa moyo wako wote kwenye uzinduzi wa duka la soksi. La soksi! Mmoja wao akaniuliza, "Mama Zuhura, ule haiko petit frère yako?" Nikamjibu sina ndugu Guangzhou. Nikavuka barabara.

Sasa juzi kanipigia Helen, yule mama wa Kiingereza aliyekuwa msimamizi wenu wa jukwaa. Alikuwa analia, nikamchoka mapema. Halafu akasema jambo, nikamwomba arudie. Kumbe mna sheria: siku ya onyesho, mtu wa akiba haendi mbali na ukumbi zaidi ya nusu saa, na simu yake haizimwi. Jumamosi ile, saa sita mchana, bwana mkubwa alikauka sauti. Mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Wakakupigia, wakakupigia, hupatikani. Onyesho la mchana akacheza mwenzako wa akiba aliyekuwa nyuma yako.

Jumamosi ile ulikuwa na mimi Zhongda, soko la vitambaa. Mbebaji wangu hakutokea, nikakupigia hotelini: njoo unibebee majora ya vitambaa. Ukasema, "Leo hairuhusiwi, Da Zuhura." Nikakujibu, "Na nani atakayekuhitaji wewe?" Ukaja. Simu yako ilikuwa inatafsiri Kichina vizuri kuliko yangu, nikaichukua. Nikabishana nayo bei asubuhi nzima, kwa laoban huyu na laoban yule, wenye maduka, mpaka ikazima mkononi mwangu. Nikaitupia kwenye mkoba, nikaendelea kuchagua rangi. Ulipouliza ni saa ngapi nilikuambia uache kujidai mtu wa maana.

Helen anasema walipokuuliza ulikuwa wapi, uliwaambia hao nao kwamba ulilala. Ulilala! Mwigizaji gani wewe? Maisha yako yote hukupewa nafasi ya kuigiza jambo la maana, na siku ulipoipata, ukaigiza uvivu ili dada yako asionekane mbaya. Na mimi kwa upumbavu wangu nikaamini. Nani alikuomba unisitiri? Ungesema neno moja tu ningekutukana kidogo, kisha ningelia, kisha ningempigia mama nimweleze. Badala yake umeniacha miaka mitatu nikikusimanga kwa kosa langu, kisha moyo ukakusimama chumbani peke yako, na mimi nipo mtaa wa pili. Nakudharau kwa kunyamaza kwako. Mwenyewe hata neno la kujiitia sina. Nimekukosa, Nassor, na naona aibu kuandika hivyo.

Kesho dua ikiisha, kabla hawajapakua chakula, nitamwambia mama anisikilize mbele ya majirani wote. Nitamwambia hukulala. Ulikuwa Zhongda, jora begani, na simu yako nilikuwa nayo mimi. Akinikatia nitapiga tena. Akikaa mwaka mzima bila kupokea, nitapiga mwaka mzima, kila Ijumaa, kama ulivyopiga wewe.

Pumzika, mdogo wangu. Mungu akupokee vizuri kuliko nilivyokupokea mimi.

Dada yako,
Zuhura