Hatua Thelathini kutoka kwa Binti Yangu

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimemharibia mtoto wangu. Niandike wazi hapa, maana mbele ya mke wangu nimezungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mashindano ya gofu ya shule za sekondari, siku ya kwanza. Bibi alianza vizuri. (Namwita Bibi kwa kuwa amerithi jina la mama yangu. Yuko kidato cha tatu, lakini nikimwita naona haya kumtuma.) Shimo la pili akaanza kuinua kichwa kabla ya kupiga. Nikapaza sauti: "Tulia, Bibi! Usiinue kichwa!" Mwamuzi akanijia, mzee mwembamba mwenye miwani. Akaniambia kwa upole kwamba mtazamaji haruhusiwi kumshauri mchezaji, na kwamba hilo lilikuwa onyo. Nikasema sawa, samahani.

Shimo la saba — jamani, mdomo! — nikasema tena. "Lenga kushoto kwa bendera." Mimi fundi cherehani, fimbo ya gofu sijawahi kuishika, hicho kushoto nilikitoa wapi? Mwamuzi akaandika. Mapigo mawili yakaongezwa kwenye kadi ya Bibi. Na katika gofu mwenye mapigo machache ndiye anayeshinda, kwa hiyo kuongezewa ni kupigwa. Nikamwuliza mzee yule kwa nini asiniadhibu mimi niliyekosa. Akajibu, "Wewe huna kadi, ndugu yangu."

Kamaliza wa tano. Bila yale mawili angekuwa wa tatu.

Mke wangu anasema mdomo wangu hauna mlango, una pazia tu.

Jumapili, 4 Mei

Bibi hakununa. Angenuna ningejua pa kushika. Kanisalimia kwa adabu, kama mteja. Kafua sare, kaianika, kapanga fimbo zake kwenye begi moja moja.

Mchana akaja akasimama mlangoni. "Baba, Jumamosi ijayo naomba usije."

Nikasema sawa. Kisha nikaenda dukani kutengeneza zipu ambayo haikuwa imeharibika.

Jumatano, 7 Mei

Mwalimu wa timu kaja dukani. Ni mwalimu wa kemia, bado kijana, wanafunzi wanamwita Kanuni kwa sababu kile kijitabu cha kanuni hakimtoki mkononi. Nilidhani kafuata kola za fulana za timu, maana fulana isiyo na kola hairuhusiwi uwanjani, na mimi ndiye ninayezishona. Kumbe kaleta fomu ya mwenendo wa wazazi. Kila mzazi asome na atie sahihi.

Nikasoma. Mzazi abaki kwenye njia ya watazamaji, hatua thelathini kutoka kwa mchezaji. Asiongee naye habari za mchezo. Asimpe ishara ya mkono wala ya kichwa. Asipige makofi kabla wachezaji wote hawajapiga mpira. Simu izimwe. Kumpa mtoto maji na chakula ni ruhusa.

"Na kukohoa?" nikauliza.

Kanuni akafikiri kweli kweli. "Kukohoa kwa mafua, ruhusa. Kukohoa kwa maana, hapana."

Nikacheka, nikatia sahihi. Yeye hakuondoka. Alikuwa anachezea kipande cha chaki ya kuchorea nguo. Halafu akasema neno ambalo bado linanizunguka kichwani. Kwamba Bibi haoni aibu juu yangu, nisidhani hivyo. Tatizo ni kwamba akipiga vibaya anatazama uso wangu kwanza, kabla hajatazama mpira umeenda wapi. "Kila pigo, mzee. Kila pigo anakutafuta wewe."

Mimi!

Nilidhani namsindikiza mtoto. Kumbe nilikuwa begi jingine analobeba.

Jumamosi, 10 Mei

Sikwenda.

Nimekata suruali ya mteja, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Miaka ishirini na mbili kwenye hii kazi! Nimemwambia mguu wake ndio mrefu. Hakuamini. Nitamshonea nyingine.

Bibi karudi jioni anang'aa. Mapigo themanini na manne, hajawahi kucheza vizuri namna hiyo. Kaingia fainali. Nikamkumbatia, nikafurahi — nikaumia kidogo pia. Kumbe bila mimi anaweza. Ndicho nilichokuwa nikimwombea tangu azaliwe, sasa mbona kinachoma?

Akatusimulia habari za msichana wa shule nyingine, mrefu, wanamwita Twiga. Alikosa shimo, akairusha fimbo kwa hasira. Sheria ziko wazi: ukirusha fimbo unatolewa siku hiyo hiyo. Lakini alama zake za siku ya kwanza zilitosha, kwa hiyo fainali atakuwepo.

"Baba yake alikuwa anamfokea kutoka kwenye uzio," Bibi akasema. "Shimo baada ya shimo. Na baba huyo wamemfungia geti mpaka mashindano yaishe."

Alisema bila kunitazama. Mke wangu naye akaona afadhali atazame sufuria.

Ijumaa, 16 Mei

Kanuni kapiga simu. Siku ya fainali kuna upungufu wa watu wazima. Wanahitaji waangalizi, mmoja kila shimo. Kazi yenyewe: kushika bendera ndogo, kuona mpira umeangukia wapi, kunyamaza. Likitokea jambo la kuamua, unamwita mwamuzi. Huamui kitu, hasa mtoto wako akiwa anacheza.

Nikamwambia nitauliza nyumbani. Yaani nimwombe ruhusa binti yangu.

Bibi alikuwa anasugua viatu. Akaacha kusugua, anapima. "Shimo la kumi na nne," akasema mwishowe. "Ni mbali na watu."

"Asante."

"Na usinipe uso, baba."

"Sasa nitauweka wapi?"

"Utajua mwenyewe." Lakini alikuwa anazuia kicheko, nilimwona.

Jumanne, 20 Mei

Mazoezi ya uso. Mke wangu ndiye kocha. Nakaa kwenye kiti, yeye ananipa habari, mimi nisibadilike. Kaanza na nyepesi: chumvi imeisha. Nikafaulu. Kisha: dada yako anakuja kukaa wiki tatu. Nikafaulu kwa shida. Kisha akaangusha kifuniko cha sufuria nyuma yangu — nikaruka kama panzi!

"Uso umetulia," akasema, "ila kiti kimekusaliti."

Tumecheka mpaka Bibi akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Hakuna aliyemwambia. Ila nadhani kajua. Kabla ya kurudi chumbani kaniwekea mkono begani, kidogo tu.

Jumamosi, 24 Mei

Naandikia hapa hapa kibandani, uwanjani, kwenye daftari la vipimo vya wateja. Mvua. Mchezo umesimamishwa. Niandike upesi kabla sijasahau mpangilio.

Nilifika shimo la kumi na nne mapema. Bendera mkononi. Upande wa kulia kuna vigingi vyeupe, mstari wa mwisho wa uwanja. Mpira ukivuka mstari huo wote, umetoka: mchezaji anaongezewa pigo moja na anarudi kupiga upya alikopigia. Ukibaki hata unywele ndani, uko ndani. Kanuni alinifundisha hayo mara tatu.

Bibi na Twiga wakaja pamoja, sare kwa mapigo. Anayeshinda kati yao ndiye anayekwenda mashindano ya taifa. Wengine walishaachwa mbali.

Twiga akapiga katikati, safi. Bibi akapiga — nikausikia mlio, nikajua si wenyewe. Mpira ukapinda kulia, ukaruka mara mbili, ukatulia kati ya vigingi viwili. Hatua tano kutoka niliposimama.

Niliuona vizuri. Mimi naishi kwa jicho, nusu sentimita kwangu ni barabara. Ulikuwa nje.

Nikainua bendera kumwita mwamuzi. Wasichana wakafika. Twiga akainama, akatazama. "Mimi naona uko ndani," akasema. Mungu ambariki mtoto yule! Angeweza kunyamaza. Bibi akaliweka begi chini. Dakika kumi tukamsubiri yule mzee wa miwani, na dakika zote hizo nilitazama nyasi. Nyasi zina kazi nyingi, sikuwa nikijua.

Mzee akaja. Akaniuliza nimeona nini. Nikasema, "Mimi ni baba yake. Naomba uangalie mwenyewe." Akanitazama sana, akanikumbuka. Akasema lazima tuvute kamba kutoka kigingi hadi kigingi. Akajipapasa mifuko. Hana. "Una uzi?"

Kuulizwa mimi kama nina uzi!

Nikatoa kibonge cha uzi, rangi nyeupe, namba arobaini. Yeye kigingi hiki, mimi kile. Tukauvuta ukakaza. Akamwita Bibi: "Piga magoti, binti. Uuone mwenyewe, kisha uniambie."

Akapiga magoti. Nilikuwa nimeshika uzi, nikautazama uzi tu. Nilihisi uso wangu unataka kukimbia. Nikaushika. Sijui kwa nini, ila nilijua akiinua kichwa akanitafuta, na mimi nikawa na jibu usoni, litakuwa jibu langu maisha yake yote.

Hakuinua kichwa.

"Umetoka," akasema. "Mwanga unapita katikati."

Mzee akaangalia, akatikisa kichwa kukubali. Twiga akasema pole. Bibi akaokota mpira, akarudi nyuma kupiga upya, akapita karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi yake. Nilikuwa na maneno mia. Niliyameza yote, hata maji sikuwa nayo.

Akapiga. Mpira ule — sijui niseme nini. Ulikwenda kama umeitwa jina. Na yeye alisimama akautazama mpaka ulipotua. Mpira tu. Kisha akaondoka.

Nikajificha nyuma ya mti nikafuta macho kwa futi ya kupimia nguo. Hiyo hairuhusiwi wala haikatazwi.

Walipomaliza shimo la kumi na sita, radi. King'ora. Wote kibandani. Twiga mbele kwa pigo moja, mashimo mawili yamebaki.

Kanuni akapita akitugawia mataulo, akasema mchezo ukisimamishwa wachezaji wanaweza kuongea na yeyote, juu ya chochote. Iko kwenye kijitabu, alinionyesha ukurasa. Bibi akaja akakaa kando yangu, amelowa.

"Baba. Sasa ruksa. Sema."

Wiki tatu nimefungwa mdomo! Nikatafuta. Kila nilichokuwa nimekiweka kimekwisha.

"Umekula?" nikauliza.

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nikatoa mkate. Twiga alikuwa peke yake pembeni, baba yake yuko nje ya geti. Bibi akamwita, akamkatia nusu. Wakala. Kisha Twiga akaniuliza kama ni kweli ninaweza kuona nusu sentimita kwa macho. Nikamwambia kola yake imeshonwa kombo, upande wa kushoto umezidi. Akaipima kwa kidole. Kweli.

Mvua imepiga karibu saa nzima. Bibi kalala. Kichwa begani kwangu, bega la kulia, ndiyo maana mwandiko huu unakwenda kama mlevi. Hajalala begani kwangu tangu darasa la nne, au la tano. Nywele zinanukia mvua. Kashika glavu yake kwenye ngumi, kama alivyokuwa akishika shuka.

Mvua inapungua. Sasa ni manyunyu.

King'ora! Wachezaji wana dakika tano kurudi walipoachia. Watu wanainuka, wanakung'uta viatu. Huyu hajasikia. Twiga kasimama, fimbo mkononi. Anaweza kwenda zake. Mwenzake asipofika kwa wakati, ushindi ni wake bila kupiga.

Hajaenda. Kainama ananinong'oneza, "Mzee, tumwamshe?"

Nimemwonyesha vidole viwili. Dakika mbili.

Amerudi kukaa.