Kidole Hakina Umri

Alhamisi. Ukungu umeshuka Tlawi tangu asubuhi na haujaondoka, naandika nikiwa nimejifunika shuka mbili. Moyoni lakini nina furaha, na aibu kidogo.

Nianze na Kidole. Ndilo jina nililoipa programu ya akili mnemba niliyoiweka wiki hii kwenye laptopu ya kikundi chetu cha wakulima. Kidole kinaona skrini kama mimi, kinasogeza mshale chenyewe, kinabonyeza. Kazi yangu ya kila asubuhi ni kuwatumia wanachama wa Tlawi, Masieda na Tumati ujumbe wa hali ya mvua na magonjwa ya mifugo: fungua jina, chagua kata, chagua ujumbe, bonyeza Tuma, rudi mwanzo. Mkono ulikuwa unaniuma mpaka nashindwa kumenya viazi. Siku ya kwanza nilipokiona kikibonyeza peke yake, nilipiga vigelegele ofisini, mimi na kuta.

Nilikipa agizo moja tu: jaza sehemu zenye nyota, zile za lazima, nyingine ruka. Kikatii. Mimi nikaanza kunywa chai ikiwa bado ya moto.

Sasa, chini ya kila jina kuna kisanduku kisicho na nyota, kimeandikwa Maelezo mengine. Hapo ndipo nilipokuwa naandika "Shikamoo Bibi" au "Shikamoo Babu" kwa kila mzee, maana huku kwetu huwezi kumpa mtu mzima habari za mvua kabla hujamwamkia. Na wazee walikuwa wananijibu kwa kubipu. Simu inalia mara moja, inakata. Hiyo ndiyo marahaba. Bibi Paskalina wa Tumati alikuwa wa kwanza siku zote, kabla hata hajaenda kukamua. Si bibi yangu wa damu, ila anaishi peke yake, watoto wake wako Katesh, na asubuhi ambayo hakubipu nilikuwa nampigia kumjulia hali.

Wiki hii simu yangu ilinyamaza.

Nami nikaufurahia huo ukimya.

Leo mlango wa ofisi ukafunguliwa, akaingia Bibi Paskalina mwenyewe. Amekuja kwa bodaboda kutoka Tumati, yeye anayesema bodaboda ni usafiri wa watu waliochoka kuishi. Mkononi ana kibuyu cha maziwa mgando, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Nikamwamkia. Hakuitikia kwanza. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akanigusa shingoni kupima joto.

"Mbona mzima?" akauliza.

Kumbe ujumbe ulipoanza kumfikia bila salamu, alijua ni mimi nimeugua, na kwamba kwenye kiti changu amekaa mgeni asiye na adabu. Nikamwuliza kwa nini basi hakubipu.

"Nimbipu nani? Huyo hajanisalimia."

Nikamwonyesha Kidole kikiwa kazini. Alishika mdomo, akacheka, akakisifu kwamba si kivivu. Halafu akataka kujua kina miaka mingapi. Nikainuka kutafuta vikombe.

Tulikunywa yale maziwa pamoja. Katikati ya maongezi akataja, kama anayesimulia habari za jirani, kwamba mwanzoni mwa wiki kifua kilimbana mpaka akashindwa kutoka kwenda kwa ng'ombe. Mimi nikaweka kikombe chini. Ni siku zilezile nilizokuwa nafurahia simu isiyolia.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alipoondoka nikabadilisha agizo. Kidole kikaniandikia kuwa kinaweza kuweka salamu chenyewe kwa wazee wote, mimi niidhinishe tu. Nusura nibonyeze ndiyo, uvivu nao ni mtamu. Kisha nikalikumbuka swali la Bibi. Shikamoo inatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na Kidole si mdogo wa mtu yeyote. Nikakiagiza kifanye kazi nyingine zote, ila kikifika kwenye kisanduku cha mzee kisimame, kinisubiri niandike mwenyewe. Chai itapoa. Ipoe.

Jioni hii nilikuwa na wasiwasi na ile bodaboda kwenye ukungu. Nikaandika kwa mkono wangu: Shikamoo Bibi, umefika salama?

Simu ikalia. Nikasubiri ikate kama kawaida. Haikukata. Ikalia mpaka nikaipokea, na tangu nimjue Bibi Paskalina sijawahi kumwona akitumia salio lake kunipigia.

"Marahaba," akasema. "Nimefika."

Kisha akakata haraka, salio lisije likaisha.

Asubuhi naanza na jina lake.