Boksi la Baba Anjela

Jumatatu, 3 Machi

Nakata plaiwudi tangu asubuhi. Mvua. Mbao zimevuta unyevu, msumeno unakwama kila kona. Boksi ni la spika ya inchi kumi na mbili, litakaa nyuma ya Noah ya Baba Anjela, gari yake ya abiria wa Mang'ula. Anataka akiwa bado Kibaoni watu wa sokoni wajue anakuja.

Mambo ya mahari yamekwisha. Lililobaki ni aone kazi ya mikono yangu, ndipo anipe binti. Sawa. Kazi ninayo. Pasaka ikipita tunafunga ndoa, tunahamia Mang'ula karibu na stesheni. Kibanda cha kufanyia kazi nimeshakipata. Anjela ana haraka kunishinda mimi. Nyumba ya baba yake imemchosha, ila hajawahi kumwambia.

Jumatano, 5 Machi

Hesabu imekubali. Boksi lita hamsini, ndani yake bomba la maji la inchi nne, urefu futi moja, mdomo wake unatokea mbele chini ya spika. Hewa ikipita mle besi inashuka, unaisikia tumboni kabla ya masikioni. Nimefurahi kama mjinga.

Jioni Baba Anjela akaja uani. Shikamoo, macho chini. Mkwe haangaliwi usoni, wala habishiwi. Akaingiza mkono kwenye tundu la bomba mpaka kiwiko. Akasema fundi gani anaacha tundu, sauti yote itavuja. Nilizibe. Nikasema, "Ndiyo, baba." Nimejichukia.

Ijumaa, 7 Machi

Kwa kuwa mimi siwezi kumbishia, nimemtuma mshenga, Mjomba Dismas. Ndiyo kazi yake. Nimemfundisha kama mtoto wa chekechea: mwambie mzee boksi lazima lipumue.

Amerudi ameshiba. Nikamuuliza amesemaje hasa.

"Nimemwambia kijana anaomba apumue kidogo."

Apumue. Mimi.

Kwa hiyo mzee anajua nimechoka. Sijaoa, nimeshachoka. Amesema vijana wa siku hizi ni mayai. Nimecheka, kisha nikakasirika vibaya sana. Nikimrudisha Mjomba akasahihishe, nabishana. Nikinyamaza, mimi mvivu. Pa kutokea sipaoni.

Jumamosi, 8 Machi

Anjela kapiga simu. Anasema nimwambie baba mwenyewe, kwani ni tundu tu. Nimemjibu kwa ukali. Yeye lini amewahi kumkatalia? Akakata simu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeziba. Kipande cha mviringo, gundi, skrubu, kapeti juu. Huwezi kujua palikuwa na kitu. Wanasema heshima si utumwa. Waje washike bisibisi hii.

Jumatano, 12 Machi

Tumelifunga garini. Haliungurumi. Linagonga tu, kama mchi kwenye kinu. Nilisimama nikisubiri achukie. Angechukia ningepata mwanya wa kusema.

Amefurahi mno. Amekwenda nalo mpaka Sanje na kurudi, abiria wanalalamika, yeye anacheka. Akanishika bega, mara ya kwanza tangu tujuane. "Sasa nimepata mtoto wa kiume."

Jioni Mjomba kaja na habari, anaona ni neema. Fundi kama huyu haendi Mang'ula. Mzee anatupa sehemu nyuma ya nyumba yake, tujenge. Nitafunga maboksi ya magari ya wenzake wote, hivyo hivyo, bila tundu. Jumapili atanionyesha mahali.

Naogopa. Niliandike hivyo hivyo. Naogopa.

Alhamisi, 13 Machi

Anjela kaja mwenyewe. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Anasema alikuwa ananitazama tangu siku ile ya tundu. Alijiambia, huyu akiweza kukataa dogo, na la Mang'ula ataliweza. "Mimi kwa baba nimeshindwa tangu utoto. Nilikuwa nakutegemea wewe."

Amesema Jumapili hatanisaidia. Nikisema hapana mbele ya baba, tunaondoka wote hata bila sherehe. Nikikubali kiwanja, nitajenga, lakini wa kukaa naye nitamtafuta mwingine. Nimeahidi. Nimeapa hata.

Jumapili, 16 Machi

Tumetoka kanisani. Mvua imekatika. Baba alituita nyuma, kati ya migomba na banda la kuku. Alikuwa amepafyeka mwenyewe, na amechonga vigingi. Mikono yake ilikuwa na malengelenge. Anjela alibaki mlangoni.

Neno nilikuwa nalo mdomoni tangu kanisani. Hapana, baba. Ni fupi.

Akapigilia kigingi cha kwanza, akafunga kamba, akaninyooshea ncha ya pili. Nikaipokea kwa mikono miwili, maana mkwe hapokelewi kwa mmoja. Akaniambia nirudi nyuma, nikarudi mpaka karibu na migomba. Akauliza mlango tuuelekeze barabarani au uani kwake.

"Popote, baba."

Akasema uani ni vizuri zaidi. Nikavuta kamba ikakaza. Nilipotazama mlangoni, Anjela alikuwa ameshaingia ndani.