Kisu Kisichoshika Kutu

Kaka yangu mpendwa,

Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba nakiogopa kisu cha baba. Nitakueleza sababu, ila kwanza nikusalimu, maana mama akisikia nimeanza barua bila salamu atasema vitabu vimenimaliza akili. Hujambo? Kifua kimepona? Sisi ni wazima wa mwili. Mengine utayaona humu.

Mama bado haongei sana. Anapika chakula cha watu watatu, kisha anaishangaa sufuria. Mgeni akija kutupa pole, hukitoa kisu kwenye ala, akakifuta kwa upindo wa gauni na kumwonyesha: tazama, kimezama baharini na mume wangu miaka yote hiyo, hakina hata doa la kutu. Mgeni mmoja alisema vitu hudumu kuliko wenyewe. Mama akashukuru, kama mtu aliyesifiwa mtoto.

Unakumbuka kilipofika kutoka kwako? Uliandika kwamba muuza duka amekuapia ni titaniamu tupu, kisu cha maisha, hakitaki matunzo. Baba alikipeleka bandarini kama anayemtambulisha mkwe kwa ukoo. Akakiita Bwana Harusi kwa kuwa hakichafuki. Mzee Kambare, yule mzamiaji mwenzake, ana kisu cha chuma kinachoota kutu kila mara, na baba hakumpa nafasi ya kupumua: kila asubuhi alimuuliza kama mahari ya kutu ameshamaliza kulipa. Kambare naye alimjibu kwamba mwenye mke wa kumkaripia hasahau wajibu wake. Baba alituhadithia hayo mezani huku akicheka peke yake, hata kabla ya kufika mwisho.

Baada ya msiba ulituuliza kama kisu kilivunjika. Msimamizi wa wazamiaji alikuwa amekueleza kwamba wavu ulionasa kwenye propela ya meli ulimzonga baba, hewa ikamwishia, na walimkuta kisu kiko mkononi. Mama akakujibu kwamba kisu ni kizima kabisa, siku ya baba ilikuwa imefika. Ukaandika kwamba sasa umepata usingizi. Nilifurahi ulipopata usingizi. Ndiyo maana nilinyamaza.

Kwa maana nilikuwa nimeshajua. Mama alinituma nikate kipande cha kamba ya kuanikia nguo, ile ya nailoni. Kisu cha jikoni sikukiona, nikachukua cha baba. Kaka, hakikukata. Kiliteleza juu ya kamba kama kinaipiga mswaki. Nilikandamiza, nikakereza mpaka kiganja kikauma. Nyuzi chache zikachanika, kamba ikabaki kamba. Nikakirudisha kwenye ala, nikamwambia mama nitaikata kesho.

Nilisoma kitabu cha metali kwenye maktaba ya shule. Titaniamu haishiki kutu hata kwenye maji ya chumvi. Hapo muuza duka hakudanganya. Ila makali yake huisha upesi kuliko ya chuma kigumu, na lazima yanolewe mara kwa mara. Nikaenda kwa Mzee Kambare, nikajifanya nina kazi ya shule. Akaniambia wao wazamiaji hawahitaji kalenda: kisu kikitoa madoa mekundu unakisugua, na kwa kuwa umeshakaa chini nacho, unakinoa papo hapo. Nikamuuliza kisu kisichotoa madoa hunolewa lini. Akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Kisha akasema, huku bado ameinama, kwamba tangu Bwana Harusi aje hakumwona baba akigusa kinoo, na akaniomba nisimwambie mama.

Ningezikwa na jambo hili. Si kosa lako, wala si la baba. Najisemea hivyo kila siku na hainisaidii kitu. Lakini katika barua yako ya juzi umesema nawe umeanza kuzamia, na umejinunulia kisu kama cha baba, kipya daima, hakitaki matunzo. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama. Nikaenda moja kwa moja kutafuta kalamu. Heri ukose usingizi, kaka, kuliko tukukose wewe.

Pokea salamu za mama, ingawa hakunituma. Mzee Kambare pia anakusalimu.

Nilikuwa nimefika hapo, nikaweka kalamu. Nilitoa kinoo cha baba nyuma ya ndoo, nikakaa uani, nikakinoa kisu. Mama akatoka kuuliza ni kelele za nini, nikamwambia yote. Alinyoosha mkono, akakichukua, akaenda kwenye kamba ya nguo akakipitisha mara moja tu. Kamba ikakatika, nguo zote zikaanguka mchangani. Akabaki ameshika ncha ya kamba, akaniuliza mimi, mwenye vitabu, kama ni kweli ilikuwa rahisi kiasi hiki. Nikainama kuziokota nguo.

Nimezifua nguo upya. Kisu mama amelala nacho. Kinoo nimekifunga kwa gazeti, kimo humu pamoja na barua.

Mdogo wako.