Wawili Waliingia Msituni

Bonde la Huon, Tasmania
12 Mei 1974

Mpendwa kaka Denzil,

Pokea salamu zetu nyingi. Natumaini u mzima, kifua hakikusumbui tena na unyevu wa huko Cornwall, na mwenyeji wako Bibi Loveday bado ana nguvu za kufuga kuku wake. Sisi hatujambo. Matufaha yamechumwa yote. Shangazi Verna ana miaka themanini na sita na ulimi wa miaka ishirini. Paka wako alikufa mwezi wa pili, nilisahau kukuambia.

Umeniuliza mara mbili kwa nini siku hizi barua zangu ni fupi. Hii ni ndefu. Isome ukiwa umekaa.

Kanisa letu lilitaka kuweka kibao cha ukumbusho wa Edmund Trewin, babu yake baba, mhamiaji huru aliyekuja huku kutoka Cornwall kwa nauli yake mwenyewe. Mchungaji akaniomba nitafute tarehe aliyoshuka melini, nami nikapanda basi hadi Hobart, kwenye hifadhi ya nyaraka za kale. Karani wa pale, mzee mmoja aitwaye Haslam, alicheka niliposema ukoo wetu haukutokana na wafungwa walioletwa huku kutoka Uingereza. Akasema katika kisiwa hiki kila mtu babu yake alikuwa baharia au askari, sasa yeye hajui mawe ya barabara zetu yalivunjwa na nani. Sikumpenda. Tena alileta madaftari polepole mno, nikaona kama ananipima.

Edmund nilimpata. Alishuka mwaka 1846. Mwaka uliofuata alipewa mfungwa mmoja wa kumfanyia kazi, Amos Garbett, aliyeletwa huku kutumikia kifungo cha maisha kwa kuchoma ghala la bwana wake Uingereza. Wakaingia wawili msituni juu ya mto kupasua mbao. Baada ya miezi minane akatoka Edmund peke yake. Nilifungua daftari la wafungwa nimfuate huyo Amos, nikakuta habari zake zinakatika hapo. Hakufa, hakusamehewa, hakutoroka. Kila kiboko alichochapwa kimeandikwa, lakini alikoishia hakujaandikwa.

Daftari hilo hutaja pia alama za mwili, ili mfungwa akikimbia atambulikane. Amos alikuwa na tatuu mkono wa kushoto, chini ya kiwiko: mwanamke mwenye mkia wa samaki. Niliposoma hivyo nilikumbuka mashati yetu. Wewe unajua kwamba wanaume wa kwetu hawakunji mikono ya shati, hata Februari kwenye joto kali, hata juu ya ngazi ya kuchumia matufaha. Baba alitufundisha kwamba ndiyo heshima ya watu wa Cornwall. Lakini Bibi Loveday aliwahi kuniandikia kwamba anakushangaa unavyolima umefunga vifungo hadi kwenye viganja, wakati wanaume wote wa huko wamekunja.

Mtu wa kwanza niliyemshuku kwamba anaficha siri alikuwa Shangazi. Ukurasa wa mbele wa Biblia ya ukoo, ule wa majina ya vizazi, umekatwa kwa wembe, na Biblia hukaa kwake. Nilipomuuliza alinijibu kwamba nimekosa mume kati ya walio hai ndiyo maana nawafukuzia waliokufa, na kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilimwongeza chai. Mwishowe akasema kwamba alipokuwa na miaka sita alifungua mlango wa jikoni, akamkuta babu yake kwenye beseni la kuogea, na mkononi mwake mwanamke nusu samaki. Bibi yake alimpiga kofi, akamwambia ameota. Kuhusu ule ukurasa aliapa hajui, ila akaniambia nimuulize yule aliyeazima Biblia kabla ya kusafiri.

Nilirudi Hobart. Kila anayesoma daftari lile huandika jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada. Mara ya kwanza nilitia sahihi bila kuangalia. Safari hii niliangalia. Juu ya jina langu kuna jina moja tu: D. Trewin, Septemba 1970. Mwezi ule ulituambia unakwenda Hobart kung'oa jino. Januari ukapanda meli.

Denzil, Bibi Loveday anakuita mwanangu. Amekuandikia urithi wa nyumba na shamba kwa kuwa yeye ni wa ukoo wa Edmund na anaamini wewe ndiye Trewin wa mwisho wa kiume. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba ukoo wao una barua mbili tu za Edmund, kisha kimya, na kwamba mpaka leo wanasema mtoto wao alitajirika akamsahau mama yake. Umeisikia hadithi hiyo mezani kwao, ukamega mkate, ukaendelea kula.

Sijui kama Amos, babu yetu halisi, alimuua Edmund kabla ya kujivika jina lake. Huenda ni mti, huenda ni homa. Lakini anayemzika mwenzake humwachia jina lake.

Sasa nikiri na langu. Nilikaa na habari hii miezi miwili bila kumwambia mtu, kwa sababu najua hapa hukuwahi kupendwa kama unavyopendwa huko, nami ni mmoja wa waliokunyima. Naona haya kwa hilo. Karibu ninyamaze moja kwa moja. Kisha ikaja kadi ya Pasaka ya Bibi Loveday, inaniuliza kama kaburi la Edmund linatunzwa, nikashindwa kuijibu kwa uongo.

Nimemwandikia yote. Barua yake niliitia posta wiki nzima kabla ya hii, makusudi, usije ukaiwahi mlangoni. Jambo moja sikumwambia, ni lile jina lako kwenye jalada. Atakuuliza kama ulijua. Hilo nimekuachia wewe.

Shangazi anakusalimu na anasema ujifunike kifua. Mchungaji anakusalimu pia, kibao amekiahirisha. Nisalimie Bibi Loveday, kama bado anapokea salamu zetu.

Ni mimi dada yako,
Merle