Mistari ya Msumari Kwenye Bawa

Mpenzi wangu Mama Achieng',

Nakusalimu kutoka huku Kanada, mwili wangu ni mzima. Wewe je, mgongo umepoa? Na Achieng', bado anakataa viatu vya shule mpaka umkimbize kuzunguka nyumba? Mama yangu simuulizii hapa mwanzoni, maana yeye ndiye amenifanya nishike kalamu.

Utashangaa kupata karatasi wakati tuna simu. Lakini simu yako huiweka kwenye spika, na Mama husogeza kichwa asikie, na haya siwezi kuyasema yeye akisikia. Kiswahili hiki chetu, cha Mjaluo aliyeoa Mkuria wakakosa lugha nyingine ya kugombania, yeye hawezi kukisoma. Barua nitampa jamaa wa Ndhiwa anayerudi nyumbani wiki hii. Nitamsindikiza hadi kituo cha basi, na tayari namwonea wivu mpaka naona aibu.

Unajua shamba limelala chini ya theluji, na mzee mwenye shamba amenitoa zizini nimsaidie kujenga ndege ghalani. Ndege kweli, ya watu wawili, huja vipande vipande unaunganisha mwenyewe. Alipoona nilivyoziba mfereji wa paa lake, nikamweleza kuwa nimetengeneza masanduku ya bati ya shule pale Rodi Kopany miaka kumi na moja. Akaahidi kwamba bawa la pili likifungwa tu, ananikatia tiketi nije nimwone Mama kabla ugonjwa haujamshinda. Ndiyo maana nilikuambia mwezi ujao. Sikukudanganya.

Bawa lina mbavu za alumini, na juu yake unavika bati jembamba lenye matundu tayari. Matundu ya bati yanatakiwa kukutana na ya ubavu. Hayakukutana. Kule Rodi tundu likikataa unapiga jingine, rangi inafunika. Hapa mzee alinishika mkono. Ubavu umepinda, alisema, kwa sababu ya ukingo wake uliokunjwa, kwa hiyo unaufinya kwa koleo katikati ya matundu, vikunjo vidogo vidogo, hadi unyooke. Nikafinya. Mama Achieng', yalikuja yote kwenye mstari, nikacheka peke yangu kama mjinga.

Lakini karibu na mwili wa ndege kingo za bati zilikuwa zinainuka. Zilitaka kukunjwa kidogo, na mzee alikuwa ameenda mjini. Nikafanya nilivyofanya maisha yangu yote. Nikachukua rula na msumari, nikachora mstari wa kukunjia, nikakunja. Zikalala vizuri. Mabawa yote mawili niliyafanya hivyo. La kwanza tukalifunga kwa riveti, vile vijisumari vya kubana bati, mistari yangu ikabaki ndani, la pili tukalifikisha nusu.

Ndipo mzee akanionyesha kipande cha bati la ndege nyingine, kimepasuka. Akapitisha kidole. "Ufa ulianzia kwenye mkwaruzo," akasema. "Mtu alichora kwa kitu chenye ncha. Hapo bati linapokunjwa, ndege ikitetemeka hewani, linakatika." Kumbe ile kalamu ya wino iliyo mezani ndiyo ya kuchorea. Mimi nilidhani ni ya kuandikia majina ya vipande.

Nilinyamaza siku tatu. Hakuna jicho ambalo lingeiona mistari ile. Na siku hizo hizo ndizo ulizonipigia ukasema Mama amekataa chakula, anakunywa uji tu ukimwambia niko njiani. Nikasikia sauti yake, "Nyathina, ibiro karang'o?" Mwanangu, unakuja lini. Nikamjibu, "Abiro, Mama," kwamba ninakuja. Zilibaki riveti za siku nne.

Siku iliyofuata mke wa mzee alikuja ghalani na mto wa kukalia alioushona mwenyewe, wa kiti chake ndegeni kando ya mumewe. "Hebu ukalie uone kama ni laini," akaniambia. Nilishindwa kukaa. Nilimwita mzee nikamwambia yote.

Hakunifokea. Alikaa juu ya ndoo akauliza, "Sehemu zipi?" Nikamwonyesha, zote nane. "Asante kwa kuniambia," akasema. Sasa tunatoa riveti moja moja. Mabati mapya hayafiki kabla ya majira ya kupanda huku, na tiketi inangoja bawa. Niliomba niende tu. Akasema anaelewa, ila itabidi atafute mtu mwingine, na karatasi zangu za kukaa hapa zina jina lake. Nikitoka, nimetoka, na dawa za Mama zinategemea kazi hii.

Sijui kama nilifanya vizuri. Asubuhi najiambia nilifanya. Mchana drili ikilia nawaza kwamba ningenyamaza siku nne tu zaidi, ningekuja kuketi kwenye kitanda chake. Nikitoka nje kulia, machozi yanaganda kwenye ndevu. Huku hata kulia ni taabu.

Msalimie baba mkwe kule Kehancha, mwambie Mjaluo wake bado hajajua Kikuria. Msalimie dada yangu anayeuza dagaa wa omena Homa Bay, najua Jumapili huja kukupokea zamu ya kumwogesha Mama. Na yule jirani anayewachotea maji, mwambie nimesikia, nashukuru sana.

Sasa lile ninalolizunguka tangu mwanzo. Daktari alikuambia haelewi Mama anaishi kwa nguvu gani. Mimi na wewe tunaelewa. Kila ukimwambia niko njiani anajikaza siku nyingine, na maumivu yake unayaona wewe, siyo mimi. Basi usimwambie hivyo tena. Kaa naye asubuhi moja akiwa ametulia, umshike mkono, umwambie kwa Kijaluo alichokufundisha mwenyewe kwamba mwanawe haji, na amesema asimngoje.

Mume wako,
Baba Achieng'