Mito Saba ya Baba Neema

Jumanne, Julai. Ukungu tangu alfajiri, na kuni zote mbichi.

Daftari, leo nina kinyaa. Nimenawa mikono mara tatu kwa sabuni ya mche na bado nainusa. Utadhani ni kwa sababu ya panya, maana panya wamo katika habari hii na nitafika kwao. Lakini panya niliwafagia, nikawatupa shimoni, yakaisha. Kilichobaki hakifagiliki.

Naandikia jikoni, nimekalia kigoda alichokalia mama yangu leo asubuhi. Sebuleni siingii.

Sebule yetu ina viti vinne vya mbao, kochi moja la watu wawili, meza ndogo yenye kitambaa, picha ya Malkia iliyokatwa kwenye kalenda, na mito saba. Mito hiyo si ya kulalia, na wala usithubutu kuiegemea. Ni ya kutazamwa.

Mume wangu, Baba Neema, ni karani wa boma. Mwezi wa Januari alitumwa kupeleka faili nyumbani kwa bwana mkubwa wake, akaambiwa angoje sebuleni. Sijui aliketi humo dakika ngapi, ila alirudi kama mtu aliyebatizwa mara ya pili. Wazungu, alisema, hawaachi kiti kitupu. Kila kiti kina mto wake, na rangi ya mto huu inajibizana na rangi ya mto ule wa upande wa pili wa chumba. Mto husimama kwa pembe, haulazwi. Ukishasimama unaupiga juu kwa ubavu wa kiganja, pa! ubaki na bonde katikati na masikio mawili. Alinionyesha kwa mto wetu wa kitandani, akaupiga kama mtu apasuaye kuni.

Nilicheka sana siku ile. Nakiri pia kwamba nilifurahi. Kudarizi nilifundishwa shule ya wasichana ya misheni, na tangu Neema azaliwe sindano yangu ilikuwa haina kazi zaidi ya kutia viraka. Nikadarizi ndege, nikadarizi maua ya mapichi, na kwenye mito miwili mikubwa nikadarizi tausi, mkia umefunguka hadi kwenye pindo. Nilijisifu moyoni. Hilo nalo liandikwe.

Kitambaa tulipata, nyuzi za rangi tukapata. Sufi ya kujazia ndiyo iliyotushinda, maana huku juu milimani baridi haiuruhusu mti wa msufi kuota. Mama yangu anakaa kijijini, mbele ya Gare, na alipopata habari hakungoja kuombwa. Alishuka Mombo kwa miguu na mzigo wa viazi, akabadilishana na jamaa zetu wa kule, akapanda tena na magunia mawili ya sufi kichwani, njiani akalala Soni. Sufi ni nyepesi lakini gunia lake ni kubwa, na upepo wa kwenye kona za mlima ukilishika linakuvuta bondeni. Mama alifika kwetu mgongo umekaza. Mpaka leo haujalegea.

Tulikaa naye siku tatu tukichambua mbegu. Sufi ilituingia puani, kwenye nyusi, hata kwenye uji wa Neema. Mama hakuruhusu mbegu hata moja ipite. Mbegu za sufi zina mafuta, alisema, na panya akizinusa hasahau. Akanionya pia kwamba mto wa sufi ni lazima uanikwe juani kila wiki, hasa huku kwetu kwenye ukungu.

Mito mitano tuliijaza hivyo, safi kabisa. Ikabaki ile miwili ya tausi. Mama alikuwa amerudi kwake kulima, na Baba Neema akaitaka kabla ya Pasaka, leo, sasa hivi, kwa nini haijaisha. Nikaijaza sufi pamoja na mbegu zake. Kosa hilo ni langu, na nimeliandika kwa wino.

Kuanika Baba Neema alikataa kabisa. Rangi zitapauka, alisema, na wapita njia wataishika kwa mikono ya kutoka sokoni. Hata Neema, mwanetu wa miaka minne, akikaribia kochi alikaripiwa. Wiki tatu sasa nimekuwa nikisikia harufu humo ndani, nikajiambia ni unyevu. Nilipomwambia mume wangu, alisema pua yangu imezoea jikoni.

Jana Mama akaja. Hakutoa taarifa, huwa hatoi. Alileta viazi, furushi la mboga ya mnafu, na muwa wa mjukuu wake. Nilimwona alivyopanda ngazi mbili za mlango kwa kushika ukuta, nikamketisha kwenye kiti kilicho karibu na dirisha na kumwekea mto wa ndege nyuma ya mgongo. Aliegemea. Akafumba macho. "Aa, mwanangu," alisema, "kumbe ndicho tulichokuwa tukitengeneza." Ni mara ya kwanza mto wowote kati ya ile saba kufanya kazi yake.

Baba Neema alirudi kutoka boma akamkuta hivyo. "Shikamoo, mama," alisema, na Mama akajivuta kusimama, akaitikia marahaba huku ameinamisha uso kama ipasavyo kwa mkwe. Nilimtazama mume wangu macho. Yalikuwa kwenye mto.

Kisha akaniita chumbani. Memsahibu, mke wa bwana mkubwa, atakuja kesho saa nne na wanawake wawili wa chama cha ushonaji. Amesikia habari za sebule yetu, anataka kuiona. Nafasi ya karani mkuu iko wazi, na Baba Neema anaitaka mpaka usingizini anaisema. Nilielewa. Nikasema nitafagia, nitakaanga mandazi, Neema atavaa gauni la kanisani.

"Na Mama?" aliuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyesahau kitu. "Mama Neema, desturi unaijua. Mimi na mama mkwe kuketi sebule moja mbele ya wageni si adabu. Akae jikoni. Ndiyo heshima yake."

Desturi!

Mtu huyuhuyu, wiki ya kwanza baada ya harusi yetu, alimshika Mama mkono akamketisha naye meza moja, akamwambia ale mbele ya mkwewe, kwa kuwa mambo ya wakwe kukimbiana ni ya zamani na sisi ni watu wa kusoma. Mama hakumeza. Aliliweka tonge shavuni mpaka akapata sababu ya kutoka nje. Miaka sita ameyacheka mambo ya ukwe mbele ya makarani wenzake. Jana ameyaokota, ameyapangusa vumbi, kwa ajili ya kumficha bibi mmoja mwenye kanga kuukuu.

Nilipaswa kukataa palepale. Badala yake nilikwenda kumwambia Mama, na nilimwambia kwa maneno ya mume wangu, heshima, desturi, ukwe. Na unajua alifanya nini? Alifurahi. Uso wote uling'aa. "Mkwe wangu amekua," alisema. "Sasa ameingia adabu." Akabeba kigoda mwenyewe kwenda nacho jikoni, na mgongo ule.

Sikulala vizuri, na nilistahili.

Leo asubuhi mume wangu aliisimamisha mito yote saba kwa pembe na kuipiga mmoja mmoja, pa, pa, pa. Mlango wa jikoni akaufunga, kwa sababu ya moshi, alisema. Mama akabaki na moshi huo. Jiko letu liko uani, hatua mbili kutoka dirisha la sebule, kwa hiyo kila linalosemwa ndani hufika kwake kama yumo. Hilo hakulifikiria, au hakulijali.

Memsahibu alikuja kwa wakati. Ni mtu mpole, Kiswahili chake ni cha kitabuni, kila neno limekaa peke yake. Aliingia, akatazama, akasema vizuri sana, kisha akaketi kwenye kochi na kumwegemea tausi moja kwa moja. Niliona mume wangu alivyoshtuka mabega.

"Mito hii mizuri," alisema memsahibu. "Nani ameshona?"

Baba Neema hakunitazama. "Imetoka Tanga, memsahibu. Dukani."

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwao nimeshika birika. Vidole vyangu vina alama za sindano mpaka leo. Wale wanawake wa chama wananijua, wameshaniona nikidarizi, na mmoja wao alinikazia macho akingoja niseme. Nikamimina chai.

Ndipo mto ukalia. Sauti nyembamba, kisha nyingine. Memsahibu akasogea mbele, akageuka. "Karani," alisema, "huyu ndege ana watoto?"

Kama Baba Neema angeuacha mto mahali pake! Aliunyakua, akaukung'uta juu ya meza, mbele ya wageni, juu ya mandazi. Mshono wa nyuma ulikuwa umetafunwa wote. Ilianguka sufi iliyoloa mkojo, yakaanguka maganda ya mbegu, vikaanguka vitoto vya panya vitano, vyekundu, havina manyoya, macho bado yamefumba, vinajinyonganyonga. Kimoja kilitua kwenye kisahani cha sukari. Mama yao aliruka, akapita juu ya viatu vya memsahibu, akapotelea chini ya kabati. Harufu iliyotoka humo ilinijaza mdomo mate. Mwanamke mmoja alikuwa tayari juu ya kiti.

Na hapo mume wangu alipata sauti. "Ni sufi ya mama mkwe wangu, memsahibu! Yeye ndiye ametuletea uchafu huu kutoka shamba. Nimewaambia mara ngapi, lakini hawa washamba hawasikii!"

Aliyasema kwa sauti ya juu, na dirisha lilikuwa wazi.

Yaani mito ni ya Tanga, panya ni wa Mama.

Naandika sentensi hiyo nikiitazama, na bado siamini ilitoka katika kinywa ninachokiandalia uji. Lakini nisijifanye malaika. Mdomo ninao. Ningeweza kusema mbegu niliziacha mimi, na haraka ilikuwa ya mume wangu, na Mama ndiye aliyetukataza. Maneno machache tu. Badala yake nilichukua kitambaa nikafuta meza. Nilifuta, nikafuta, hata pale palipokuwa pameshakauka. Kinyaa changu cha leo nikikigawa, nusu yake ni yangu.

Memsahibu hakufanya makuu. Alisema nyumbani kwake panya walikula kofia ya bwana msimu wa mvua, akamalizia chai yake akiwa wima, akanishukuru mimi kwa mandazi, wakaondoka. Baba Neema akawafuata mbio akiendelea kueleza.

Nilipofungua mlango wa jikoni, Mama alikuwa na kiazi mkononi, nusu kimemenywa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, nasema ni moshi.

"Ni ile sufi tuliyoiacha na mbegu?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na hukuianika."

"Sikuianika, Mama."

Akamaliza kumenya kile kiazi, akakitia sufuriani, akanawa mikono. Alijifunga kanga yake taratibu. Kisha akasema, wala hakuniambia mimi, kama anayejisahihisha mwenyewe: "Kumbe haikuwa heshima."

Nilimwomba angoje ukungu uinuke. Nilimwomba nimsindikize. Alikataa yote mawili kwa upole, akanipa mkono, akasema, "Nisalimie mkwe." Njiani alitembea ameshika kiuno, na kwenye kona ya mikaratusi ukungu ukamficha. Neema aliniuliza bibi atakuja tena lini. Nilimwambia ale muwa wake.

Halafu nikaingia sebuleni kwa mara ya mwisho leo. Ile miwili ya tausi niliichoma uani, mikia yote, kazi ya miezi miwili. Mitano iliyobaki niliichunguza mshono kwa mshono, nikaiminya, nikainusa. Ni mizima, sufi yake nyeupe kama siku tulipoichambua. Nimeiweka karibu na meko ikauke, na mto wa ndege uko mapajani mwangu sasa, daftari limekaa juu yake.

Baba Neema amerudi saa kumi na moja. Nimemsikia akisimama mlangoni mwa sebule kitambo, mbele ya viti vitupu. Kisha akaja huku, akakohoa kwa moshi.

"Mama Neema, mito iko wapi?"

"Imerudi Tanga," nimemjibu.

Ameiona pale karibu na meko, yote mitano. Ameniona mimi. Amekwenda kukaa kwenye kiti chake kisicho na mto.

Kesho alfajiri naifunga mito hii kwenye kanga na kuibeba kichwani hadi kijijini kwa Mama, ukungu uwepo usiwepo, na Neema nitamshika mkono. Nitamwambia maneno yaliyonikwama nikiwa na birika, yote, hata yale yanayoniaibisha. Kisha nitauweka mto wa ndege nyuma ya mgongo wake.

Je, ataegemea?